Bampa Imepasuka: Kuripoti ni Wajibu, Kudai ni Hesabu

Barabara kuu inayotoka Nakuru kuelekea Mau Summit imepata sifa mbaya kwa ajali za Salgaa na Sachangwan, na ndiyo maana wengi wetu tunapolipia bima kamili ya gari huwa tunafikiria lori lililokatika breki. Hata hivyo, dai ambalo mwenye gari dogo la kibinafsi hulifikia mapema kuliko mengine yote huwa ni la bampa. Foleni ya jioni inasogea polepole kwenye Kenyatta Avenue, matatu inasimama ghafla kumchukua abiria, na gari la nyuma linaigusa. Au mtu anarudi nyuma katika maegesho ya duka na kukutana na kijiguzo cha zege ambacho kioo cha pembeni hakikukionyesha. Plastiki inapasuka, rangi inang'oka, hakuna aliyeumia, gari linawaka na kwenda, na mwenye gari anafika nyumbani akijiuliza kama adai bima au atoe pesa mfukoni.

Swali hilo likiulizwa mbele ya watu watatu huzaa majibu mawili. Kuna atakayesema kwamba umelipa bima miaka yote hiyo bila kula hata senti, kwa hiyo sasa ni zamu yako. Kuna atakayekuonya usiiguse bima kwa kitu kidogo, kwa sababu watakuandika na mwaka ujao utalipa zaidi. Naona majibu hayo mawili yana kasoro ileile: yametolewa kabla ya mtu yeyote kujua ni shilingi ngapi zinazozungumziwa. Tena yanachanganya mambo mawili ambayo mkataba wa bima umeyatenga, yaani kuiarifu kampuni kwamba gari limegongwa, na kuiomba kampuni ilipe. La kwanza ni sharti, na muda wake ni mfupi. La pili ni hiari ya mwenye gari, nalo huamuliwa kwa hesabu ambayo haiwezi kukamilika mpaka bampa ifunguliwe.

Tuanze na eksesi, kwa kuwa ndiyo inayoua madai mengi ya bampa kabla hayajazaliwa. Eksesi ni sehemu ya hasara ambayo mwenye gari ameahidi kuibeba mwenyewe kila anapodai. Katika mikataba mingi ya magari ya kibinafsi hapa Kenya huwekwa kuwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari iliyoandikwa katika hati ya bima, pamoja na kima cha chini ambacho hakishuki hata gari likiwa la bei nafuu. Asilimia hiyo ni ya thamani ya gari, wala si ya gharama ya matengenezo. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kwamba tengenezo la shilingi 40,000 litakatwa asilimia 2.5, yaani shilingi 1,000, na kampuni imalizie 39,000 zilizobaki. Isitoshe, mikataba mingi huongeza eksesi nyingine juu ya hiyo ikiwa aliyekuwa akiendesha ni kijana au ana leseni mpya, jambo ambalo mzazi hulikumbuka siku ambayo mwanawe ametumwa Soko la Wakulima na kurudi na gari lenye uso uliokunjamana.

Tuchukue gari lililokatiwa bima kwa thamani ya shilingi 1,400,000. Eksesi yake kwa asilimia 2.5 ni shilingi 35,000. Fundi akisema matengenezo ni shilingi 28,000, mjadala umekwisha: kampuni haina cha kulipa, na aliyekwisha kujaza fomu ya kudai ameingia katika kumbukumbu za kampuni kama mdai bila kupokea chochote. Fundi akisema ni shilingi 160,000, kampuni italipa 125,000, na hapo pia hakuna haja ya kuumiza kichwa, kwa sababu hasara ya kiasi hicho ndiyo iliyomfanya mtu akate bima. Taabu iko katikati. Matengenezo yakiwa shilingi 52,000, kampuni italipa 17,000 tu, na mwenye gari anapaswa kupima kama hizo 17,000 zinazidi kile ambacho dai litamgharimu baadaye.

Kinachofuata baadaye huja kwa njia mbili. Kampuni nyingine humpa mteja punguzo la kutodai, ambalo hupanda ngazi kwa ngazi kila mwaka unaopita bila dai na kuporomoka dai linapoingia. Nyingine hazionyeshi punguzo lolote, hutoza kiwango kimoja tu, lakini wakati wa kukata bima upya huangalia historia ya mteja na kumpandishia kiwango, au humwambia wakala wake kimyakimya kwamba mteja huyu hatufai tena. Tuseme mwenye gari letu alikuwa akilipa asilimia 4, yaani shilingi 56,000 kwa mwaka, na baada ya dai akapandishwa hadi asilimia 4.5, yaani 63,000. Tofauti ni shilingi 7,000 kwa mwaka. Ikidumu miaka miwili ni 14,000, na zile 17,000 alizofurahia zimebaki 3,000, kabla hajahesabu nauli ya kwenda kituo cha polisi kutafuta abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha ajali, na siku ambazo gari limelala gereji likisubiri asesa, yaani mkaguzi wa uharibifu, idhini ya kampuni, vipuri, na kisha ukaguzi wa pili. Mhadhiri anayeishi Milimani na kufundisha Njoro, au mfanyabiashara anayepeleka mali Molo kila asubuhi, anajua kwamba wiki moja bila gari hula zaidi ya shilingi 3,000.

Nina nongwa moja na kampuni za bima katika jambo hili, nayo ni kwamba hesabu hii ya mwaka ujao ndiyo sehemu ambayo mteja hawezi kuiona. Eksesi imeandikwa. Thamani ya gari imeandikwa. Lakini ni mara chache mtu akaonyeshwa, kwa maandishi na kwa tarakimu, dai moja dogo litapandisha ada yake kwa kiasi gani na kwa miaka mingapi. Anajua siku anapopokea barua ya kukata bima upya, na wakati huo hawezi kulirudisha dai nyuma. Mamlaka ya Kudhibiti Bima imeweka kanuni nyingi kuhusu namna kampuni zinavyotunza mtaji na kushughulikia madai; kuzitaka zitoe jedwali la wazi la athari ya dai kwa ada za miaka inayofuata kusingekuwa mzigo mkubwa. Mpaka hapo, mwenye gari anaweza kumpigia wakala wake na kumuuliza swali hilo moja kwa moja kabla ya kujaza fomu, kisha amwombe ajibu kwa barua pepe. Wakala anayekwepa kuandika jibu amekujibu.

Hesabu yote niliyoipiga hapo juu, hata hivyo, inategemea namba ambayo watu wengi huitaja kwa kubahatisha, yaani gharama ya matengenezo. Mtu husimama mbele ya gari, akaona mpasuko wenye urefu wa kiganja, akasema hii ni kazi ya elfu kumi. Inaweza kuwa kweli. Bampa ya magari mengi tunayoendesha ni ganda la plastiki ya aina ya polipropilini, ambayo fundi stadi huiunga kwa joto, akaisugua, akaipiga praima na rangi, na ikarudi kama ilivyokuwa. Lakini plastiki hiyo hupinda kwa kishindo kisha ikarudi mahali pake, na ikisharudi huficha kilichotokea nyuma yake.

Tazama fundi anavyoifungua. Anaanza na skrubu zilizo ndani ya tao la gurudumu, analegeza ngozi ya plastiki inayozuia matope, kisha anavuta ukingo wa bampa taratibu huku klipu zikitoa mlio mmojammoja. Klipu zilizovunjika si hoja. Hununuliwa kwa bei ndogo. Anachokitafuta kiko ndani zaidi. Anaangalia mabano yanayoishikilia bampa kwenye fenda, ambayo yakivunjika bampa hata ikipakwa rangi nzuri namna gani itaacha mwanya upande mmoja. Anashika taa na kuitikisa, kwa sababu masikio yake ya plastiki hukatika huku kioo chake kikiwa kizima kabisa, na taa yenye sikio lililokatika humulika ovyo usiku na kuwaumiza macho madereva wanaokuja. Anaangalia sponji la kupunguza kishindo na boriti ya chuma iliyo nyuma yake kama imejikunja, halafu kondensa ya kiyoyozi, ambayo katika magari mengi hukaa mbele kabisa ya rejeta na hutobolewa na kitu kidogo sana. Kwa bampa ya nyuma atainua zulia la buti aone kama bati la sakafu limejikunja, na atakagua nyaya za vihisi vya kuegeshea gari. Magari mapya zaidi huweka rada nyuma ya bampa au nembo ya mbele, na rada iliyosogea hata kidogo huhitaji kupangwa upya kwa vifaa ambavyo gereji nyingi za mitaani hazina.

Ndiyo maana napendekeza kwamba pesa ya kwanza itakayotumika iwe ya kulifungua gari. Nusu saa ya fundi haina bei kubwa, na ndiyo inayobadilisha elfu kumi za kubahatisha kuwa namba inayoweza kuwekwa kando ya eksesi. Mwenye gari apige picha kabla ya bampa kutolewa na baada ya kutolewa, na asiruhusu kitu chochote kitengenezwe siku hiyo. Kampuni ina haki ya kumtuma asesa aone uharibifu ukiwa bado upo, na anayetengeneza kwanza akadai baadaye huwa ameipa kampuni sababu nzuri ya kukataa.

Bei nayo ina sura mbili. Fundi wa jua kali atakuunganishia bampa ileile na kuipaka rangi, au atakutafutia nyingine iliyotumika kutoka Japani kwa wauzaji wa vipuri, na ikikosekana mjini utaambiwa itaagizwa Nairobi, Grogan, ije na gari la mizigo kesho yake. Gereji iliyoidhinishwa na kampuni itaandika makadirio ya bampa mpya, mabano mapya, rangi ya tanuri na saa za kazi, na jumla yake inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile ya jua kali. Hili huwapotosha watu kwa namna ya ajabu. Mtu huchukua makadirio makubwa ya gereji, akaona yamepita eksesi, akadai. Kumbe kama angelipa mwenyewe asingetengenezea pale. Anayelinganisha kudai na kujilipia anapaswa kuchukua bei ambayo angelipa kweli kutoka mfukoni, kwa ubora ambao angeridhika nao. Gari la mwaka huu ambalo bado liko chini ya dhamana linastahili kazi ya gereji, na pengine kudai kunafaa. Gari lenye miaka 12 na mikwaruzo yake mingine ya zamani linatengenezwa vizuri na fundi wa rangi anayejua kuchanganya msimbo wa rangi, na tofauti hiyo ya bei huliondoa kabisa katika eneo la kudai.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mtu amegonga nguzo peke yake. Akiwepo mwenzake, mambo hubadilika, na hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na wale wanaosema malizeni hapohapo mwende nyumbani. Eneo la tukio tunalijua sote. Dereva mmoja ameshashuka na kuweka mkono kiunoni, wa pili anainama kuangalia chini ya gari lake, boda boda wawili wamesimama kutoa hukumu, nyuma honi zinapigwa, na mtu mmoja anasema, "Bosi, tusaidiane tu, tuma elfu tano tuachane." Pesa inatumwa kwa M-Pesa, watu wanapeana mikono, kila mtu anaondoka akiamini jambo limekwisha.

Kisheria halijakwisha. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, humpa aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3 ya kufungua kesi. Yule aliyepokea elfu tano, au abiria wake ambaye wewe hata hukumwona usoni, anaweza kuja mwaka unaofuata akidai kwamba shingo ilianza kumsumbua usiku uleule. Sheria ya bima ya magari inayohusu hatari kwa watu wa tatu, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari awe na bima ya kifo na majeraha ya watu wengine, kwa hiyo kampuni yako ndiyo ingepaswa kukusimamia. Lakini mikataba ya bima humtaka mteja airipoti kila ajali bila kukawia, awe anadai au hadai, na humkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Siku wakili wa upande wa pili atakapotuma barua ya madai, kampuni itagundua kwamba haikuwahi kuambiwa chochote, na zaidi ya hapo kwamba mteja wake alituma pesa, kitendo ambacho wakili huyohuyo atakisoma mbele ya hakimu kama kukiri. Kesi yenyewe haihitaji safari ndefu, kwa kuwa Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya majeraha na ya mali iliyoharibiwa, na iliundwa iyamalize kwa haraka.

Kwa hiyo ripoti, hasa akiwepo mwingine. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinamtaka dereva asimame na kutoa jina, anwani na nambari ya gari, na asipofanya hivyo aende polisi ndani ya saa 24. Piga picha za magari yote mawili yakiwa mahali yaliposimama, za nambari zake, na za cheti cha bima cha mwenzako, ambacho kinaonyesha kampuni yake na tarehe ya kuisha. Pata nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kisha iandikie kampuni yako barua pepe fupi yenye tarehe, saa, mahali, magari yaliyohusika na jinsi ilivyotokea, bila kujihukumu, na useme wazi kwamba unatoa taarifa tu na kwamba kwa sasa hudai chochote. Hifadhi jibu lao. Je, taarifa hiyo yenyewe inaweza kukupandishia ada? Inawezekana kampuni ikaitazama, sikatai. Hata hivyo kati ya shilingi elfu chache za ada na kuhatarisha ulinzi wa kampuni yako mbele ya dai la majeraha, sioni kama pana mashindano.

Ikiwa mwenye kosa ni yule mwingine, wengi husahau kwamba wana mlango wa pili. Unaweza kuidai kampuni yake badala ya yako. Sura ya 405 hailazimishi bima ya mali ya watu wengine, inahusu miili tu, lakini mikataba mingi ya bima ya mtu wa tatu huwa imeongeza kipengele cha mali hadi kiwango fulani, na bampa yako ni mali. Njia hii haina eksesi yako wala haigusi historia yako ya madai. Udhaifu wake ni kwamba inategemea abstrakti ya polisi inayoonyesha nani anapaswa kulaumiwa, na ushirikiano wa mtu ambaye huenda asiirudishe fomu kwa kampuni yake. Ikiwa ni matatu au gari la biashara lenye mwenyewe asiyeonekana, subira itahitajika. Njia nyingine ni kudai kwa kampuni yako, ukalipa eksesi, kisha kampuni ikamfuata mwenye kosa. Katika hali hiyo waambie kwa maandishi kwamba unataka eksesi yako nayo idaiwe, maana usiposema wanaweza kudai walichotoa wao tu.

Kuna mambo mengine yanayoweza kulifanya dai la bampa kuwa kosa hata likiwa na faida kwa hesabu. Gari likiwa limekatiwa bima ya matumizi ya kibinafsi na siku hiyo lilikuwa limebeba abiria wa kulipa kwenda Nairobi, au lilikuwa kazini kupitia programu ya teksi, kampuni itauliza, na jibu la kweli litaliangusha dai huku jibu la uongo likiweza kuuangusha mkataba mzima. Kuchomeka mikwaruzo ya zamani katika dai jipya ni hivyohivyo. Asesa anayefanya kazi hiyo kila siku huona kutu ya mwaka jana na vumbi lililogandamana ndani ya mpasuko, naye hahitaji kukuuliza mara mbili. Gari lililo kwenye mkopo lina masharti yake pia, kwa sababu benki au sacco huwa imeandikwa katika hati kama mwenye maslahi, na kampuni ikiamua kutoa pesa taslimu badala ya kutengeneza, pesa hizo huenda zikapitia kwa mkopeshaji.

Thamani iliyoandikwa katika hati nayo hutafuna dai kimyakimya. Mtu anayetaka ada ndogo huliandikia gari la shilingi 1,400,000 thamani ya 1,000,000. Eksesi yake inashuka hadi 25,000 na anajiona mjanja. Lakini kanuni ya uwiano huiruhusu kampuni ilipe kwa kadiri ya sehemu iliyokatiwa bima, na kwa gari hilo sehemu yenyewe ni takriban asilimia 71. Matengenezo ya 52,000 yanahesabiwa kama 37,000 na kidogo, eksesi ya 25,000 inatolewa, na anabaki na shilingi 12,000 hivi. Mwenzake aliyeandika thamani kamili angepata 17,000.

Yote haya yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya uamuzi hufanywa siku ya kukata bima, ambapo wengi wetu huuliza jambo moja tu: ni pesa ngapi? Hapo ndipo pa kuulizia kinga ya eksesi, nyongeza ambayo mteja huilipia kila mwaka ili kampuni isimkate eksesi anapodai. Mawakala huiuza kwa bidii, na kwa mwenye gari la thamani kubwa wana hoja. Kampuni nyingi huitoza asilimia 0.25 ya thamani ya gari, na huweka kima cha chini. Tuseme kima hicho ni shilingi 5,000. Gari la 1,400,000 kwa asilimia hiyo lingelipa 3,500, kwa hiyo mwenyewe atatozwa 5,000 ili kujikinga na eksesi ya 35,000. Asipokuwa na dai angalau moja katika kila miaka 7, amelipa zaidi ya alichookoa. Gari la 3,000,000 litatozwa 7,500 kwa eksesi ya 75,000, na huyo anaweza kukaa miaka 10 bila dai kabla ya kufika mahali hapohapo. Mwenye gari la 600,000, ambaye ndiye kipato chake kinamfanya aogope eksesi kuliko wote, atalipa 5,000 zilezile kwa eksesi ambayo ingekuwa 15,000, au kima cha chini cha mkataba wake kama kinazidi hapo. Ikiwa ni hizo 15,000, miaka 3 ya nyongeza imeshaimaliza, na dai lenyewe likitokea bado litaandikwa katika historia yake kama dai lingine lolote.